Usizipoze kadi kwa maji ya Makutupora

Kilomita zipatazo 25 kaskazini mwa jiji la Dodoma, ukiifuata barabara ya Kondoa na Babati, kuna bonde ambalo makao makuu ya nchi hulitegemea kila bomba linapofunguliwa. Ni bonde la Makutupora, na visima virefu vya Mzakwe vilivyochimbwa humo ndivyo chanzo kikuu cha maji ya jiji. (Siku hizi mtu akisikia Makutupora huwaza kwanza reli ya kisasa, ile awamu ya Morogoro hadi Makutupora. Hiyo ni nyingine, iko Manyoni mkoani Singida. Tunayoizungumza hapa ni ya Dodoma, yenye visima, kituo cha utafiti wa zabibu na kambi ya JKT.)

Makala haya, hata hivyo, yanahusu kompyuta. Yanahusu kadi za michoro, zile ambazo vijana huziita GPU, pale zinapofungwa mbili, tatu au nne ndani ya kasha moja na kupozwa kwa maji badala ya feni zake za kiwandani. Bonde limetangulia kwa sababu swali la kwanza la kila anayesikia habari hii Dodoma ni moja: maji yenyewe yatoke wapi?

Mji huu una sababu za kuwa na kompyuta za namna hiyo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, na kwa kushirikiana na taasisi ya NM-AIST ya Arusha kiliingia katika mpango wa AI4D kwa kuanzisha maabara ya utafiti wa akili unde. Wizara zimehamia. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina makao yake hapa. Kijana anayetaka kuifundisha kompyuta kutambua ugonjwa wa mahindi kwa kutazama picha za majani, au kuisikiliza sauti ya Kiswahili na kuiandika, ana njia mbili: akodi mashine zilizo ng'ambo na kulipa kwa dola kila saa, au akusanye kadi zake mwenyewe na kuzifunga mezani kwake.

Njia ya pili ilirahisika kidogo baada ya Septemba 15, 2022. Siku hiyo mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha kabisa utaratibu wa kuchimba sarafu kwa kutumia kadi za michoro, na ghafla kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikabaki hazina ajira. Zikamiminika katika soko la mitumba duniani. RTX 3090 ya kampuni ya Nvidia, iliyotoka mwaka 2020 na memori yake ya gigabaiti 24, mpaka leo inatafutwa na watu wa akili unde kwa sababu memori hiyo inatosha kubeba modeli ambazo kadi nyingi za bei nafuu haziziwezi. Wacheza gemu wao walishaachana na mtindo wa kufunga kadi mbili. Nvidia yenyewe iliacha kutengeneza mipangilio mipya ya SLI, teknolojia yake ya kuunganisha kadi kwa ajili ya michezo, kuanzia Januari 2021. Anayefunga kadi nyingi leo anataka hesabu, si michezo.

Joto la wati 700

RTX 3090 moja hula wati 350 ikifanya kazi kwa nguvu zote. RTX 4090 hula 450. RTX 5090, iliyotoka Januari 2025, imefika 575. Umeme wote huo hugeuka joto. Hakuna hata chembe inayohifadhiwa ndani ya kadi. Funga 3090 mbili una wati 700, ongeza prosesa na vinginevyo unakaribia wati 900, sawa na hita ndogo ya umeme inayowaka chumbani mwako saa zote, Dodoma, mwezi Novemba.

Kadi hizi hutoka kiwandani na mapezi makubwa ya aluminiamu na feni mbili au tatu, na unene wake hula nafasi tatu za mazabodi. Ikiwa peke yake haina shida. Shida huanza unapoweka ya pili. Zinakaa zimebanana, na ya juu inavuta hewa ambayo ya chini imekwisha kuichemsha. Chipu ikifika kiwango chake cha joto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo mwenye kadi mbili hujikuta amelipia mbili anapata moja na nusu.

Dodoma inaongeza mawili ya kwake. La kwanza ni mwinuko. Jiji liko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 12 hivi. Feni ileile, ikizunguka kwa mwendo uleule, inasukuma hewa pungufu na kubeba joto pungufu. La pili ni vumbi. Kuanzia Mei hadi mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, upepo wa nyanda hizi hupeleka vumbi jekundu kila mahali penye tundu, na mapezi ya kadi yaliyo karibukaribu ni chujio zuri mno la vumbi.

Maji yanaingia hapo. Lita moja ya maji hubeba joto mara 3,500 hivi kuliko lita moja ya hewa kwa nyuzi zilezile. Aliyewahi kufungua boneti ya Fuso anaujua mfumo huu wote: pampu, mipira, rejeta mbele, feni nyuma yake, na tangi dogo la akiba la kuchungulia kiasi cha maji. Kilichobadilika ni injini tu. Juu ya chipu hukazwa bloku, yaani kipande cha shaba ambacho kwa ndani kimechongwa mifereji myembamba kuliko milimita moja. Maji hupita humo, huchukua joto, huenda kwenye rejeta na kurudi yamepoa.

Faida ya pili ya bloku, ambayo kwa mwenye kadi nyingi huenda ndiyo kubwa zaidi, ni wembamba. Kadi iliyokuwa na unene wa nafasi tatu hubaki na moja au mbili. Mazabodi iliyokataa kadi mbili za feni inazipokea nne za maji.

Lakini tusidanganyane. Maji hayaui joto, yanalihamisha. Zile wati 900 zitatoka kwenye rejeta na kuingia chumbani mwako zote, na rejeta nayo inapozwa na hewa ileile nyepesi ya Dodoma. Maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Mchana wa Oktoba au Novemba hewa ikiwa nyuzi 32, maji ya mfumo uliofungwa vizuri yatakaa kwenye nyuzi 44 hivi na chipu kwenye 60 au zaidi kidogo. Hizo ni namba nzuri. Dirisha likifungwa, chumba kitapanda na kila kitu kitapanda nacho.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, jaribu lisilo na gharama. Programu ya Nvidia inakuruhusu kuiwekea kadi ukomo wa umeme. Ishushe 3090 kutoka wati 350 hadi 270 au 250, kisha pima kazi yako. Kwa kazi nyingi za akili unde, kasi unayopoteza ni ndogo sana kuliko umeme unaookoa. Mwenye kadi mbili zilizoachana vizuri anaweza kuishia hapo na kuifunga mada hii. Mwenye tatu au nne ndiye bloku zinamhusu kweli.

Kufunga bloku

Kosa la gharama kubwa hufanyika kabla ya bisibisi kushikwa: kununua bloku isiyolingana na kadi. Kadi mbili zinaweza kuandikwa RTX 3090 zote na ndani zikawa na bodi tofauti kabisa, kwa sababu kila kampuni inayounganisha kadi hupanga vipande vyake inavyotaka. Bloku huchongwa kwa bodi moja maalumu. Soma namba kamili ya toleo iliyobandikwa nyuma ya kadi, kisha uitafute katika orodha ya mtengenezaji wa bloku. Bykski ya China na Alphacool ya Ujerumani wana orodha ndefu. Anayeagiza kupitia mawakala wa mizigo wa Kariakoo awape namba hiyo kwa maandishi, wala asiseme tu "ya 3090".

Kufungua kadi kunataka meza safi na subira. Skrubu ziwekwe kwa mpangilio zilipotoka, maana urefu wake hutofautiana. Kadi iliyochimba sarafu miaka miwili huwa na pedi za kupitisha joto zilizokauka na kushikana. Ukiivuta kwa nguvu unaweza kung'oa chipu ya memori. Ipashe moto kidogo kwa drayer ya saluni, kisha izungushe taratibu mpaka iachie. Usisahau nyaya ndogo za feni zilizojificha katikati, zichomoe kwanza. Futa pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Halafu pedi, na hapa ndipo wengi huharibu. Chipu kuu hupakwa pesti, lakini memori na vipande vya kurekebisha umeme huguswa na bloku kupitia pedi laini zenye unene maalumu: milimita 1 hapa, 1.5 pale, kwa jinsi mtengenezaji alivyoandika. Ukiweka pedi nene kuliko inavyotakiwa, bloku itainuka na haitaikalia chipu kuu. Ukiweka nyembamba, memori itabaki hewani na kuungua kimyakimya huku kipimo cha chipu kuu kikikuonyesha kwamba mambo ni shwari. Kaza skrubu kwa kuvuka, moja huku moja kule, kidogokidogo. Kisha fungua tena. Ndiyo, fungua: tazama alama ambayo pesti imeacha juu ya shaba na mikwaruzo kwenye pedi. Alama ikijaa pande zote, paka pesti upya na ufunge moja kwa moja. Dakika 20 hizo zinaokoa wiki nzima ya kujiuliza kwa nini kadi moja ina joto kuliko mwenzake.

3090 ina kioja chake. Ina chipu 24 za memori, 12 mbele na 12 nyuma ya bodi. Bloku ya kawaida hupoza za mbele tu, wakati za nyuma ndizo zinazolia, na memori za aina hiyo huanza kujipunguzia kasi zikifika nyuzi 110. Kwa hiyo anayefunga 3090 nyingi ajiongeze: ama anunue bloku yenye bamba la maji nyuma pia, ama aweke bamba zito la aluminiamu lenye pedi na kulipulizia feni. Toleo lililofuata, 3090 Ti, lilihamishia memori zote mbele, kwa hiyo halina adha hiyo.

Kadi zikishakaa kwenye mazabodi, maji yapite vipi? Yaingie ya kwanza, yatoke yaingie ya pili, na kuendelea? Au yagawanyike yaingie zote kwa pamoja? Watu hubishana sana juu ya hili, wakihofia kadi ya mwisho kupokea maji ya moto. Hesabu inamaliza ubishi. Pampu ikisukuma lita 4 kwa dakika, kadi ya wati 350 hupandisha joto la maji kwa nyuzi 1.25 tu. Kadi ya nne katika msururu itapokea maji yaliyo na joto la nyuzi 4 hivi zaidi kuliko ya kwanza, na hakuna kitakachoharibika. Kinachotofautiana ni ukinzani: bloku nne za kufuatana hubana maji zaidi na zinataka pampu yenye nguvu, kama zile za aina ya D5; za sambamba hupitisha kwa urahisi ila bloku moja ikianza kuziba, maji huikimbia na hutajua mpaka kadi ichemke. Kwa kadi mbili mimi ningefunga za kufuatana. Kwa nne, sambamba, na ningetazama joto la kila kadi kila juma.

Rejeta hukadiriwa kwa feni: kila feni ya milimita 120 kwenye rejeta ihesabiwe wati 100 hadi 150. Wati 900 zinataka feni sita hadi tisa, yaani rejeta mbili au tatu za feni tatutatu. Dodoma chukua tatu, na uchague zenye mapezi yaliyoachana. Zenye mapezi ya kubanana hupoza vizuri siku ya kwanza. Ikifika Agosti zimejaa vumbi na hata brashi haipiti. Kuhusu mipira, ile migumu inayong'aa hupendeza kwenye picha. Mpira mweusi laini haupendezi, lakini hauchujuki, unakunjika, na ukitaka kutoa kadi moja hulazimiki kubomoa mfumo mzima.

Jambo moja lisivunjwe: usichanganye shaba na aluminiamu mahali maji yanapopita. Metali hizo mbili zikiunganishwa na maji huwa betri, na aluminiamu huliwa. Rejeta za bei ya chini nyingi ni za aluminiamu. Uliza kabla ya kulipa.

Mwisho ni kujaribu. Tangi la akiba liwe juu ya pampu, na pampu isizungushwe hata sekunde chache ikiwa kavu. Iwashe kwa plagi ndogo ya majaribio inayochomekwa kwenye waya mkuu wa pawa saplai, huku mazabodi na kadi zikiwa hazina umeme kabisa. Tandika tishu nyeupe chini ya kila ungio. Inamisha kasha huku na huku mpaka povu la hewa litoke, ongeza maji, yaache yazunguke siku nzima. Tishu ikibaki kavu, unganisha umeme. Wenye uwezo hununua kipimo chenye pampu ya mkono kinachojaza hewa badala ya maji na kuonyesha kama mgandamizo unashuka. Kwa mtu mwenye kadi nne za thamani ya pikipiki kadhaa, kifaa hicho si anasa.

Maji gani?

Si ya bombani. Mwenyeji yeyote wa Dodoma anayaelewa maji yake kwa kutazama birika: ule ukoko mweupe unaoganda chini. Maji ya visima vya ukanda huu yamekaa ardhini muda mrefu ndani ya miamba ya matale iliyooza, yakayeyusha chumvichumvi na chokaa. Yakipashwa moto, chokaa hujitenga na kuganda mahali palipo na joto zaidi, na kwenye kompyuta hapo ni ndani ya mifereji ya bloku. Shaba hupitisha joto mara mamia kuliko ukoko huo.

Fundi makini atasema, na atakuwa sahihi, kwamba mfumo umefungwa, lita ni moja tu, na chokaa iliyomo ndani ya lita moja haifiki hata gramu moja. Kweli. Lakini kila ukijazia unaongeza nyingine, na chokaa si adui pekee. Chumvi hula rangi ya nikeli iliyopakwa juu ya shaba na kuharakisha ile betri ya metali niliyoitaja. Na maji yenye chumvi yakivuja juu ya bodi yenye umeme, hapo hakuna mazungumzo.

Maji ya chupa ya kunywa nayo yana madini. Yanayotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, na kwa bahati yanauzwa karibu kila kituo cha mafuta nchini kwa jina la maji ya betri. Soma kibandiko mara mbili, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo hukaa asidi ya betri, tena katika chupa zinazofanana. Ongeza dawa ya kuzuia kutu na ukungu iliyotengenezwa kwa mifumo ya kompyuta. Badilisha mara moja kwa mwaka. Na usijidanganye kwamba maji yaliyotoneshwa hayapitishi umeme: yakishazunguka kwenye metali kwa miezi, yanapitisha.

Kwa hiyo kompyuta ya kadi nne za akili unde, ikifungwa vizuri, inahitaji lita moja na nusu au mbili za maji kwa mwaka, na hakuna hata tone linalotoka Makutupora.

Kisima kisichojazwa kila mwaka

Mtu anaweza kusema: sasa mbona umetupeleka mpaka Mzakwe? Kwa sababu kanuni hiyohiyo ikikuzwa kutoka meza ya mwanafunzi hadi jengo la seva, mambo hubadilika kabisa, na Dodoma ndiko majengo hayo yatakakojengwa serikali ikiendelea kukusanyika hapa.

Majengo mengi makubwa ya kompyuta duniani hayapozi kwa mfumo uliofungwa mpaka mwisho. Ndani maji huzunguka, lakini nje joto hutolewa kwa kuyavukiza maji mengine hewani. Ni njia rahisi na inaokoa umeme, ila maji yanayopaa hayarudi. Mwaka 2022 kampuni ya Google iliripoti kwamba shughuli zake zilitumia galoni bilioni 5.6 za maji, yaani lita bilioni 21 hivi. Mwaka 2023, Montevideo ilipokumbwa na ukame mkali hata wakazi wakafunguliwa maji yenye chumvi mabombani, watu waliingia barabarani kupinga mpango wa kampuni hiyohiyo kujenga kituo nchini Uruguay. Baadaye kampuni ilibadili mchoro na kuchagua kupoza kwa hewa.

Tupige hesabu yetu wenyewe. Kuvukiza lita moja ya maji kunahitaji nishati ya megajuli 2.4. Uniti moja ya LUKU ni megajuli 3.6. Kila uniti inayogeuka joto, kama joto lake lote litatolewa kwa kuvukiza, hupeleka angani lita moja na nusu. Jengo la megawati moja, ambalo kwa viwango vya leo ni dogo, lingemaliza lita 1,500 kwa saa, lita 36,000 kwa siku. Ni madumu 1,800 ya lita 20, kila siku ya Mungu, katika jiji ambalo mitaa yake bado inapata maji kwa mgao.

Na Makutupora si mto. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti wa Richard Taylor wa chuo cha UCL cha London, Lister Kongola na wenzao, uliotumia vipimo vya kina cha maji ya bonde hili vya miaka 55, kuanzia miaka ya 1950. Rekodi ndefu ya namna hiyo ni nadra mno katika nchi za joto, na iliwezekana kwa sababu wataalamu wa maji wa Tanzania waliendelea kupima kisima baada ya kisima, muongo baada ya muongo. (Hawa wangestahili sanamu kabla ya wanasiasa kadhaa.) Ilichoonyesha ni kwamba bonde halijazwi kila masika. Maji hushuka, hushuka, hushuka kwa miaka kadhaa, kisha mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ya El Niño ya 1997/98, hulijaza kwa kishindo. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba maji hayo huzama hasa kupitia mchanga wa vijito vya msimu, vile ambavyo muda mwingi wa mwaka ni njia ya mbuzi na pikipiki.

Kwa maneno mengine, Dodoma inakunywa akiba. Bwawa la Farkwa na maji ya Ziwa Victoria yamekuwa yakizungumzwa kwa miaka, na yatakapofika yatasaidia. Lakini hayo nayo ni ya watu kwanza.

Ajabu ni kwamba bloku ya mezani ndiyo inayotoa jibu la jengo kubwa. Mwaka 2010 IBM na chuo cha ETH cha Zurich walionyesha mashine iitwayo Aquasar, iliyopozwa kwa maji ya moto wa hadi nyuzi 60, na joto lililotoka likatumika kupasha majengo. Kichekesho cha kupoza kwa maji ya moto kina maana nzito kwetu. Chipu inafanya kazi salama ikiwa na nyuzi 70 na zaidi. Kwake yeye, maji ya nyuzi 45 ni baridi. Na maji ya nyuzi 45 yanaweza kupozwa na hewa ya nyuzi 32 kwenye rejeta kavu, juu ya paa, bila kuvukiza chochote. Dodoma haina joto la kutisha. Hata mchana wake wa Novemba unaacha nafasi ya nyuzi zaidi ya kumi, na usiku wa Julai hushuka mpaka 14 hivi.

Kampuni kubwa zimeanza kurudi kwenye njia hii. Microsoft ilitangaza kwamba tangu Agosti 2024 michoro yake mipya ya vituo hupeleka maji mpaka kwenye chipu katika mzunguko uliofungwa, bila kuvukiza, na kwamba kila kituo kitaokoa zaidi ya lita milioni 125 kwa mwaka. Jirani zetu nao wamo: Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza uwekezaji wa dola bilioni moja Kenya, pamoja na kituo kitakachotumia umeme wa jotoardhi wa Olkaria. Sisi tunajivunia megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, na wakija wenye fedha za kujenga hapa watauliza kwanza habari za umeme huo. Habari za maji itabidi tuwaulize sisi.

Njia kavu ina bei yake, na asiyesema hivyo anauza kitu. Rejeta za paani ni kubwa, zinataka feni nyingi, na feni hizo zinakula umeme zaidi kuliko mnara wa kuvukiza. Mchana wa Novemba seva zinaweza kulazimika kupunguza mwendo kidogo. Umeme wa ziada unaweza kununuliwa. Mvua ya 1997/98 haiagizwi.

Kwa mwenye kadi mbili au nne chumbani, ushauri ni huo uliokwisha tolewa: shusha wati, linganisha bloku na bodi, nunua maji ya betri, safisha rejeta kila mwezi wa kiangazi. Kwa wanaoandika zabuni za majengo ya seva ya Serikali na ya vyuo hapa Dodoma, ombi ni moja. Kando ya safu ya megawati pawe na safu ya lita za maji kwa siku, nayo iwe na uzito katika kumpata mshindi. Mzabuni atakayeandika sifuri asomwe kwanza. Atakayeandika 36,000 apelekwe Mzakwe akaonyeshwe vipimo vya visima, kisha aombwe kurudi na mchoro mwingine.